Kurasa Nilizozibana

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko ninavyotaka, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kufundisha historia kule Kapseret, afadhali uisikie kutoka kwangu kabla hujashika chaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya katika shule ya parokia hapa Eldoret, na nilijiona mlinzi wa Kanisa. Hakuna aliyenituma. Vitabu vipya vya darasa la saba vilipoletwa, nilikuta kurasa mbili zinazotazamana kuhusu biashara ya watumwa kule Angola: jinsi watu walivyofungwa minyororo, mapadri wakawabatiza harakaharaka pale bandarini, kisha wakapakiwa melini. Nikajiambia kwamba imani ya watoto hawa bado ni changa, haitaweza kubeba haya. Basi nikachukua stepla ya ofisi nikazibana kurasa zile, kitabu baada ya kitabu, mpaka rundo likaisha. Niliona nimemfanyia Mungu kazi.

Wewe unawajua watoto. Ukitaka wasome ukurasa, ubane.

Nafula ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa pini. Mama yake alitoka Bungoma kuja kuuza mitumba, wakapanga chumba Kapsoya, na mtoto huyo alikuwa akijiandaa kwa kipaimara. Alisimama na kitabu mkononi, akaniuliza polepole, bila utundu wowote: "Mwalimu, hawa watu walibatizwa halafu wakauzwa. Sasa si walikuwa Wakristo wenzao?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata swali zuri kuliko hilo. Nami nilimnyang'anya kitabu kabla hajafika ukurasa wa pili, nikamwambia hayo yameandikwa na watu wanaochukia Kanisa na hayakutokea kamwe. Nikampigisha magoti hadi kengele kwa kosa la kuharibu kitabu. Eti yeye ndiye aliyekiharibu. Vitabu vyote nikavikusanya nikavifungia kabatini.

Siku ya kipaimara Nafula hakutokea. Mama yake akanifuata shuleni.

"Mwalimu, huyu mtoto amekataa kabisa," akaniambia. "Ndugu yake wa sekondari amemwonyesha hayo maneno kwa kitabu yake. Sasa anasema, kama mwalimu alinidanganya hiyo, hii ingine ya Yesu nitajuaje ni ukweli?"

Nilimkimbilia katekista wetu, Mzee Wekesa, nikidhani ataniunga mkono. Alinisikiliza huku akikunja kanzu za watumishi wa altare. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, Misa yetu huanza aje?"

Nikasema huanza kwa ishara ya msalaba.

"Halafu?"

Hapo nikajua anakonipeleka. Halafu tunajipiga kifua na kukiri kwamba tumekosa.

"Kila Jumapili tunasema makosa yetu, watoto wakisikia," akasema. "Na padri pia anajipiga kifua. Ni wewe tu umeona aibu. Enda uambie huyo msichana ukweli, umwombe msamaha."

Sikuenda, mwanangu. Mwalimu kumwomba mtoto msamaha, niliona ni kujishusha mno. Nikasema wiki ijayo, kisha nikasema muhula ujao. Shule ilipofunguliwa dawati lake lilikuwa tupu. Mama alikuwa amewarudisha watoto Bungoma.

Mwaka jana nilikwenda kliniki hapa mjini kupimwa presha. Nesi akanitazama, akaniita mwalimu; kumbe alikuwa Nafula, sasa mtu mzima. Nilimwomba msamaha palepale, mkono wangu ungali umefungwa ile mashine. Hakuwa na hasira.

"Nilishakusamehe kitambo, mwalimu," akasema. "Lakini kanisani sijawahi rudi. Unajua, nilikuuliza wewe kwa sababu ni wewe nilikuwa naamini."

Akaandika presha yangu kwenye kadi, akamwita mgonjwa mwingine. Nililia njia nzima hadi nyumbani Yamumbi.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia, kwa aibu. Mwisho wa ule ukurasa wa pili kulikuwa na habari za mtawa aliyeipinga biashara ile waziwazi, hadi akakamatwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimembana na yeye. Nafula alimhitaji mtu huyo kuliko mahubiri yangu yote.

Kwa hiyo nakusihi, fundisha historia ya dunia ikiwa nzima, hata pale tulipouaibisha Msalaba, na mfike ukurasa wa pili. Mtoto akikuuliza swali la kukutetemesha, mshukuru kwanza, hata kama jibu huna. Ukikosea mbele ya darasa, omba msamaha mbele ya darasa, kesho yake asubuhi. Usingoje muhula ujao.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na chaki yako. Akupe mtoto kama Nafula, na akusaidie usimpoteze.