Nyumba Iliyoanzia Jikoni

Kwetu mtu akijenga huanza na sebule. Hata kama pesa zitaishia kwenye linta, pale juu ya madirisha, sebule lazima iwepo, maana wageni watakuja, na wasipopata pa kukaa watasema. Kwa hiyo mama yangu alipotaka kuanza na jiko, watu wa Karurumo walipata la kuzungumza.

Wakati huo tulipanga chumba kimoja mjini Embu, mama, dada yangu na mimi. Mama aliuza nyanya sokoni. Alitaka jambo moja tu maishani, naye alilisema waziwazi: kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ahame. Akajiunga na chama cha wanawake waliojengeana kwa zamu. Waliweka akiba, wakanunua shamba pamoja huko Karurumo, wakagawana ploti, kisha wakafyatua matofali wenyewe kwa mashine ya mkono. Niliwaona wakiifanya kazi ile baada ya soko, leso zimekazwa kiunoni. Mpaka leo nikisikia mtu akisema maskini ni wavivu, damu hunichemka.

Zamu ya mama ilipofika, matofali yake yangetosha vyumba viwili visivyo na paa, au jiko moja lililokamilika, lenye mlango na kufuli. Akachagua jiko. Chama kikaitisha kikao.

"Sasa mgeni akikuja atakaa wapi?" mwenyekiti aliuliza. "Kwa sufuria?"

"Atakaa nje kwa kivuli, nimletee chai," mama akajibu. "Mwenye nyumba wangu hangoji linta. Yeye anataka kodi. Nikihamia jikoni, hiyo kodi inakuwa matofali."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema wengi huanza na kajumba kadogo, wakakazoea, na chama kikachekwa.

"Basi nichimbieni msingi wa nyumba yote leo," mama akasema. "Nikitoka kuchota maji niuruke. Nikirudi niuruke. Mtu hawezi kuzoea hivyo."

Wakacheka. Wakachukua majembe.

Tulihamia jikoni. Tulilala kando ya meko, nguo zetu zikashika moshi, na shuleni walinitania kwamba nanukia nyama choma. Sikujali hata kidogo. Kila mara mama alipopata pesa, kuta za vyumba vile zilipanda mstari mmoja wa matofali, nami nilijivunia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote.

Asubuhi moja, mama akimenya ndizi mlangoni, alifika fundi wa mradi wa maji, paipu begani.

"Mama, mwenye nyumba ako? Nataka anionyeshe pa kuchimba."

"Hakai hapa," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Huyo utampata Embu mjini."

Fundi akashukuru, akashika njia ya kwenda kwa jirani. Mama aliendelea kumenya kidogo, kisha kisu kikasimama. Macho yake yalijaa machozi. Akainuka, akamwita yule fundi arudi, akamwonyesha mahali kando ya ukuta.

"Chimba hapa."

"Na mwenye nyumba akikataa?"

"Amekubali," mama akasema.