Nilimshusha Mama Ntumba hadi mita moja

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, mikono bado ina saruji. Mimi ni fundi mwashi. Wengi humu huja na visa vya majini na wachumba, mimi nimekuja na kisa cha mtaro. Chumvi sijaongeza. Asiyeniamini aje nimwoneshe ukuta, bado upo.

Kampuni ilipokuja kutengeneza barabara yetu nilipata kazi kwenye kundi la mitaro ya maji ya mvua, ile sisi huku tunaiita kanivo.

Mnajua, barabara ikipandishwa, nyumba zinashuka. Hazijasogea hata kidogo, ila mvua ya kwanza inakuja kukueleza.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mbele ya kila geti kampuni inaweka kidaraja cha zege, upana mita moja, bure. Unapita wewe, anapita mbuzi wako, na baiskeli ya makala (mkaa) ikipita kwa adabu. Ukitaka kipana cha kuingiza gari, leta saruji na nondo zako, mafundi tutakumalizia jioni. Chef wa kazi, msimamizi wetu, anaona na haoni, inategemea ameamkaje.

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu.

Wenye magari waliomba mita tatu. Wasio na gari ila wana mipango waliomba nne. Mchungaji mmoja aliomba sita, nikamuuliza kama anangoja ndege, maana uwanja wa Luano si mbali.

Wote niliwashusha. Ni ugonjwa wangu, wakuu. Mimi hata nikinunua sumu ya panya naomba nyongeza. Na kila kitu napima mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mteja, mara ya pili akishaondoka.

Sasa, Mama Ntumba.

Mjane, mzaliwa wa hapahapa, wazazi wake walitoka Kasai. Marehemu mumewe alifanya kazi ya reli. Asubuhi alikuwa anauza mikate ya kukaanga mbele ya lupango lake (lupango ndiyo kiwanja chenye uzio, kwa wasiotujua) na sisi wa mtaro tulikuwa wateja wake wakubwa. Nilijaribu kumshusha bei ya mikate tangu siku ya kwanza. Akanijibu (maçon ndiyo mwashi), "Papa maçon, mukate hii haina mukubwa wala mudogo. Yote iko na tumbo moja." Nikalipa. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Siku tulipofika mbele ya geti lake akanionesha mifuko ya saruji, imepangwa chini ya turubai. Ameinunua mmoja mmoja.

"Ya kwangu unifanyie mita tatu."

Nikachungulia ndani. Gari hakuna. Baiskeli hakuna. Kuna kuku, naye mguu mmoja unachechemea.

"Mama, motoka iko wapi?"

"Iko njiani."

"Nani analeta?"

Akafuta mafuta mikononi, akanieleza bila kuzunguka. "Siku batanitoa ku morgue, nataka motoka iniingize mpaka ku mulango wa nyumba. Bwana yangu aliingia vile, bantu yote ya avenue baliona. Na miye niingie vile. Kutoka, kila muntu anatoka. Kuingia njo heshima."

Kwa wasiojua desturi yetu: kabla ya kwenda makaburini, marehemu anarudishwa kwanza nyumbani kwake. Anaingia uani, watu wanamuaga, kisha safari. Na geti la Mama Ntumba lilikuwa la mabati mawili mapana, tangu enzi za mumewe. Alichokosa ni kidaraja tu.

Ningenyamaza nikachanganya zege. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona ukuta wa nyuma, ule wa upande wa jiko. Umeinama kama mlevi anayetafuta funguo. Mvua mbili tu, unamlalia.

Nikaanza biashara. "Mama, saruji hii tuipeleke ku ukuta. Motoka ya kufa haina haraka. Ukuta iko na haraka."

"Ukuta ni ya siku zote. Ile siku ni moja."

"Uko na batoto na bajukuu mingi, mama. Batakubeba ku mikono. Ile njo heshima kupita motoka."

Akacheka. Kesho yake nikarudia. Kesho kutwa nikamwita chef wa kazi aje autikise ule ukuta kwa kidole, na ukatikisika kweli. Mama akauangalia ukuta, akaangalia mifuko yake.

"Sawa. Umenishinda," akasema. "Lakini unajua nimekuambia."

Wakuu, nilirudi nyumbani nimenyooka. Nilijenga ule ukuta kwa mkono wangu, kwa bei ambayo mke wangu aliniuliza kama nimeoa pale. Mbele ya geti tukaweka kidaraja cha kampuni. Mita moja.

Mvua zikaja. Ukuta haukusogea. Barabara ikamalizika, wakubwa wakakata utepe, wakapiga picha, na kabla utepe haujaokotwa mtu alishamwaga maganda ya mihogo kwenye mtaro wetu. Ndiyo sisi. Tunalia miaka tupate mtaro, ukija tunausalimia kwa takataka.

Msimu wa mvua ulipoisha, Mama Ntumba akaugua. Hakuugua sana. Nilikuwa kazini kwingine, upande wa Luano, nikapigiwa simu kwamba ameshaondoka.

Nilikuwepo wakati gari la maiti linafika. Akina mama wanaimba, mabati mawili ya geti yamefunguliwa hadi mwisho. Dereva akakata kona, akasimama. Akashuka. Akakitazama kidaraja, akakipima kwa hatua zake.

"Haiingie," akasema.

Mimi sikuhitaji kupima.

Nyuma magari yanapiga honi. Wajukuu wakashusha jeneza, wanaume sita, kila upande watatu. Mita moja haichukui wanaume sita na jeneza katikati, mkitaka jaribuni na meza. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wa pembeni hawana pa kukanyaga. Jeneza likayumba. Akina mama wakaacha kuimba.

Nikarukia ndani ya mtaro. Wengine wakanifuata upande wa pili. Maji ya vyombo na vifuko vya plastiki hadi magotini, mikono juu, tukampitisha juu ya vichwa vyetu. Kidogo kidogo, ubavuubavu, kama watu wanaingiza kabati.

Ndivyo alivyoingia kwake.

Binti yake mkubwa, Mado, alinikuta najifuta matope nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wangu. Nilijua natukanwa. Nilishajipanga kupokea.

"Usijifiche, papa maçon," akasema. "Mama alikuwa anakusifia. Anasema mu maisha yake yote ni muntu mumoja tu alimushinda bei."

Afadhali angenitukana.

Wakati wa sala nilitoka na wenzangu wawili, tukaenda kuazima mbao nene kwenye jengo la jirani. Tukazilaza juu ya mtaro pande zote mbili za kidaraja, nikazikanyaga, nikazirukia, nikarudia tena. Dereva akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mama Ntumba akatoka amebebwa na gari, polepole, mtaa mzima unaona.

Lakini yeye alishasema. Kutoka, kila mtu anatoka.

Nimefikiria sana, wakuu. Ushauri wangu ulikuwa mzuri, hata leo ningekagua ule ukuta ningesema vilevile. Umesimama, na jikoni pale hapiki mtu. Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuambia anataka nini na kwa nini, ameshapiga hesabu zake kabla hujatoa futi mfukoni. Unaweza kuwa na haki juu ya saruji ukakosea juu ya mwenye saruji.

Siku hizi mteja akisema mita tatu, namchanganyia zege la mita tatu. Bei nashindana naye bado, sijapona. Upana siugusi.

Mafundi wenzangu, na nyie wenye mageti, karibuni mseme. Je, mngemjengea kidaraja, ukuta mkauacha uinamie jiko?

Ila kabla hujanijibu, toka nje kwanza upime cha kwako.