Stika za Kijani Kwenye Nyumba ya Bi Idella

Mara ya kwanza Cleophus Teague kuingia kwa Bi Idella Pruitt, alikwenda kununua nyumba. Alitoka amepakwa mafuta kichwani na hajanunua kitu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ya kona, pale mtaa wa Tanner, ng'ambo ya reli, kibaraza chake kikitazama njia mbili. Cleophus alikuwa ameanza maisha kwa kubeba makochi ya marehemu: mtu akifa, watoto wake walio mbali wanamwita aje aifagie nyumba, kisha wanamuuliza kama anamjua mnunuzi. Baadaye mnunuzi akawa yeye. Kwa macho yake nyumba ya kona haikuwa nyumba. Ilikuwa kiwanja chenye nyuso mbili, na juu yake kuna mbao za kubomoa.

"Huna unywele hata mmoja," Bi Idella alimwambia kabla hajavua kofia vizuri. "Umekuja kusuka nini, nyusi?"

Wanawake wawili waliokuwa chini ya draya za kukaushia nywele wakacheka mpaka draya zikatikisika.

"Nimekuja kuongea biashara, Bi Idella."

"Basi kaa. Asiyekaa kwenye kiti changu simsikilizi."

Akakaa. Yule mama akammwagia mafuta utosini, akaanza kumkanda kama anayekanda unga. Cleophus akataja bei. "Mmh," akasema Bi Idella. Akaongeza. "Endelea, nakusikia." Akaongeza tena. Alipofika kwenye gari lake ndipo akili ilipomrudia: amepandisha bei mara tatu mbele ya mtu ambaye hata hakusema hapana. Tangu siku hiyo alimheshimu, kwa maana ya kwamba alipokwenda kwake alikwenda ameshiba, asije akaonyesha njaa ya kununua.

Habari za Idella Pruitt si ndefu. Alizaliwa Alabama, akaletwa Kentucky angali mdogo, mama yake akifulia watu nguo. Aliolewa na Hollis Pruitt, mfanyakazi wa ghala la tumbaku, mtu mpole aliyekufa mapema. Ujanani alikuwa na saluni ya kupanga kwenye barabara kubwa ya watu weusi, katikati ya duka la viatu na ofisi ya mzishi. Serikali ikapitisha barabara ya magari ya kasi juu ya duka la viatu, saluni na mzishi kwa pamoja. Wenye majengo walilipwa. Wapangaji waliambiwa wahame. Idella akabeba kiti na sinki lake, akavifunga sebuleni kwake, na Jumamosi iliyofuata akaendelea na kichwa alichokiacha nusu.

Tatizo lilikuwa sheria. Mpango kabambe wa mji ulisema mtaa wa Tanner ni wa kulala watu tu, hakuna biashara. Kwa hiyo Idella hakutundika kibao, wateja walipita mlango wa ubavuni, na hakuna aliyesema anakwenda saluni. Walisema wanakwenda "kwa Idella". Kiti kile kikamlipia nyumba, kikamsomesha binti yake, na kikamzika Hollis. Mabibi harusi wote wa Tanner walitengenezwa pale, na marehemu wengi pia, maana alifuata vichwa vya wateja wake mpaka kwa mzishi. Mtaa ulimficha kwa miaka na miaka bila kujua kwamba unamficha.

Ndipo mji ukaamua kuandika upya mpango wake wa miaka ishirini ijayo. Safari hii, walitangaza, wanataka kurekebisha yale mpango wa zamani uliyowanyima watu wa upande wa magharibi, Tanner ikiwamo, na wanataka kila mtaa ubaki na sura yake. Mkutano wa Tanner ulifanyika chumba cha chini cha kanisa la Wabaptisti, na kuku wa kukaanga walikuwapo, kwa sababu bila kuku hakuna mkutano. Mwenyekiti wa chama cha majirani, Mwalimu Thurman Oakes, mstaafu aliyewafundisha nusu ya waliohudhuria, aliwapanga watu kwenye mistari kama yuko darasani bado. Afisa mipango wa mji, Kirsten Halvorsen, alitandika ramani mezani, akagawa stika. Kijani ni kwa kitu kinachoufanya mtaa uwe wenyewe, kisiguswe. Nyekundu ni kwa kinachotakiwa kubadilika.

Cleophus alisimama nyuma na sahani yake. Alikuwa na viwanja viwili vitupu pale Tanner, kimoja kimepakana na ukuta wa Bi Idella, alivyovinunua wakati hakuna aliyevitaka. Mpango mpya ulikuwa na kifungu cha kuruhusu nyumba za familia nne kwenye viwanja vya namna hiyo. Alikuja kuona stika nyekundu zitaangukia wapi. Alichokiona ni stika za kijani, zote zikielekea kona moja. Mtu wa kwanza alibandika. Wa pili akabandika juu ya ya kwanza. Bibi vizee wenye mikongojo waliomba wapishwe wabandike. Mwishowe nyumba ya Idella haikuonekana, ni lundo la kijani tu. Bi Idella mwenyewe hakuwapo. Ilikuwa siku ya kutengeneza vichwa.

Kirsten akafurahi. "Jamani, hapa pana nini?"

"Kwa Idella!" chumba kizima kikajibu.

"Ndiyo, lakini ni nini?"

"Saluni, mwanangu," alisema Verlene Stokes, mteja wa tangu zamani. "Saluni bora kuliko zote mjini. Sebuleni kwake."

"Sebuleni," Kirsten akarudia, kalamu ikipunguza mwendo. "Ana kibali cha biashara pale?"

Watu wote wakakumbuka kwamba wana kuku wa kumaliza.

Kirsten hakuwa na ubaya. Aliandika alichoambiwa, kama kazi yake ilivyomtaka, na picha ya ramani ikawekwa hadharani pamoja na taarifa ya mkutano. Aliyeisoma ni mkaguzi wa ofisi nyingine. Alikuja kwa Bi Idella, akavua kofia, akatazama sinki, akaeleza bila ukali: madiwani wakipitisha mpango mpya wenye ruhusa ya biashara ndogo kwenye nyumba za kona, mama ataomba leseni. Wasipoiweka, kiti kitoke.

Mwalimu Oakes alikuja kuomba radhi, ameshika keki ya mkewe.

"Idella, dada yangu, tulitaka kukuheshimu."

"Mmeniheshimu, Thurman. Mmeniheshimu mpaka nafungiwa. Weka keki hapo."

Cleophus naye hakukawia sana. Alisubiri joto la maneno lipungue kidogo, akaenda na bei mpya, ndogo kuliko ile aliyowahi kuipandisha. Hakuona aibu. Hali imebadilika, bei hubadilika.

"Umekuja kunusa maiti?" Bi Idella alimuuliza. Alikuwa akimpasi Verlene nywele kwa kitana cha moto na hakugeuka.

"Nimekuja kukupa njia ya kutokea."

"Njia naijua, ni hiyo uliyoingilia. Pita polepole usivunje kitasa."

"Mwambie, dada!" Verlene akasema, sikio lake likiwa limekunjwa chini ya mkono wa Idella.

Cleophus alivuta kiti, akakaa bila kualikwa. Alikuwa amejua kabla ya kuja kwamba huenda asiuziwe, na mfanyabiashara haendi mahali na bidhaa moja.

"Basi nina kitu cha kukuuzia mimi."

"Wewe unanunua. Tangu lini unauza?"

"Nina neno. Ukilisema mbele ya madiwani, kiti hiki hakitoki."

Kitana kikasimama hewani. "Bei?"

"Mwalimu Oakes anakusanya watu wapinge nyumba za familia nne. Wanawake wako wasiende kumwunga mkono. Wanyamaze tu."

"Wanyamaze tu? Kwa bei rahisi hivyo, basi hilo neno lako limeoza."

"Halijaoza."

"Nami nikinunua kitu nikiwa nimefumba macho, masharti nayataja mimi." Akarudisha kitana motoni. "Sikiliza, Cleophus. Utajenga. Lakini utajenga vibaraza mbele, vya mtu kuketi na kumwona anayepita. Si milango ya gereji inayotutazama kama meno ya bandia. Ghorofa mbili, basi. Na nyumba yangu husemi tena bei yake. Si wewe, si kwa jina la shemeji yako."

Vibaraza ni mbao, na mbao ni hasara. Hilo Cleophus alilimeza. Kona ndiyo ilimkwama kooni.

"Hata ukifa?"

"Hasa nikifa."

Verlene akacheka, akaungua sikio, akapiga ukelele. Cleophus akatoa mkono. Ule wa Bi Idella ulikuwa na mafuta na haukuachia haraka.

Ndipo akamwambia. Mwaka uliopita alisafisha nyumba ya daktari aliyefariki kule Highland, upande wa matajiri. Mtaa nao wa kulala tu, kama Tanner, sheria ile ile. Lakini daktari alikuwa na mlango wa ubavuni, chumba cha wagonjwa kusubiri, na kibao cha shaba. Cleophus, ambaye huuliza kila kitu kabla ya kulipa, akataka kujua kibali kilitoka wapi. Hakikuhitajika. Sheria tangu ilipoandikwa iliwaruhusu daktari, mganga wa meno na wakili kufanya kazi nyumbani kwao, mtaa wowote. Mstari uliofuata uliwataja wasioruhusiwa: msusi, dobi, mshonaji.

Bi Idella alishusha kitana. Nywele za Verlene zikaanza kurudi zilivyokuwa.

"Walitutaja?"

"Kwa kazi zenu. Neno kwa neno."

"Mama yangu alikuwa dobi," alisema. Kisha akamgeuza Verlene kichwa. "Tulia, wewe."

Mbele ya madiwani kila mtu hupewa dakika mbili, na taa ndogo mezani inageuka nyekundu zikiisha. Mwalimu Oakes alizitumia vizuri. Alisema Tanner ni mtaa wa nyumba moja familia moja, kwamba wazee wao walizipata nyumba hizo kwa jasho wakati benki zinawafukuza mlangoni, na kwamba sura ya mtaa ikishauzwa hainunuliki tena. Alisema kweli, na Cleophus alijua anasema kweli. Mwalimu aligeuka nyuma kuwatazama wanawake aliotegemea wasimame baada yake. Hakusimama hata mmoja.

Bi Idella alipofika kwenye kipaza sauti hakuitazama taa.

"Kule Highland daktari anaruhusiwa kupokea watu sebuleni tangu sijazaliwa," alisema. "Anamshika mtu kichwa, anamuuliza wapi panauma, anamlipisha. Mimi nafanya hivyo hivyo, na wangu wanatoka wamependeza. Mmesema mpango huu ni wa kuweka watu sawa. Anzeni na huo mstari."

Akaketi. Diwani mmoja akamnong'oneza mwenzake, na msaidizi akatumwa kutafuta sheria. Baada yake wateja walisimama mmoja mmoja, wakaongea juu ya kiti. Juu ya nyumba za familia nne hawakusema neno.

Mpango ulipita. Biashara ndogo zikaruhusiwa kwenye nyumba za kona mji mzima. Nyumba za familia nne zikaruhusiwa kwenye viwanja vitupu. Ili kumtuliza Mwalimu Oakes, madiwani waliongeza kifungu kwamba nyumba ya zamani iliyo imara isibomolewe ili kujenga ya namna hiyo. Kwa hiyo kona ya Bi Idella, ambayo Cleophus aliiacha kwa uchungu, ilishuka thamani machoni pa wabomoaji wote siku hiyo hiyo. Alipiga hesabu akiwa amekaa kwenye gari, akaona angeinunua angekula hasara. Hakumwambia mtu.

Viwanja vyake alijenga, vibaraza na vyote. Faida ilikuwa nyembamba kuliko aliyoipanga, ila ilikuwapo. Nyumba zikajaa kabla rangi haijakauka.

Mwalimu Oakes alipata kifungu chake, akapoteza mtaa wa familia moja moja aliokuwa akiupigania. Humsalimia Bi Idella kanisani kwa kichwa tu. Mkewe alihamia kwa msusi mwingine, na kichwani mwake inaonekana.

Bi Idella alipata leseni. Leseni ilikuja na sinki la pili, njia ya wenye viti vya magurudumu, mkaguzi wa kila mwaka na kodi ya majengo iliyopanda, maana nyumba inayoruhusiwa biashara ina thamani kuliko inayojificha. Akapandisha bei. Verlene alilalamika, akaendelea kuja. Wengine wa zamani hawakuweza, wakarudi kusukwa jikoni kwa ndugu zao. Nafasi zao zilichukuliwa na wapangaji wa Cleophus, ambao hawakumjua Hollis wala duka la viatu, na huweka miadi kwa simu.

Cleophus alipopita kumtaka aweke pazia kwenye dirisha lake la pembeni, kwa kuwa mpangaji wake analalamikia taa, Bi Idella alimuuliza atalipia nani hilo pazia. Walibishana hadi kitana kikapoa. Walilipa nusu kwa nusu.