Samaki Mwenye Taa Mgongoni

Nilifunga taa upande usiofaa. Wacha niseme mwenyewe mapema, kabla binti yangu hajawaambia, maana yeye husimulia vizuri kuliko mimi na chumvi haimwishii. Mimi, fundi wa redio na stima hapa Gatongora, Ruiru, mtu ambaye majirani humwachia pasi zao wakaenda zao wametulia, nilitengeneza samaki wa bahari kuu nikamwekea taa mgongoni. Taa zake huwa tumboni. Mtoto wa Gredi ya Tano alijua hivyo. Mimi sikujua, na nilipoambiwa, nikabisha.

Nayakumbuka haya kwa sababu samaki mwenyewe yuko mezani mbele yangu asubuhi hii, na leo ni siku ya wazazi kutembelea shule ya bweni alikoenda binti yangu mwaka huu. Ujumbe ulikuja kwa simu ya mwalimu: "Mwambie dadi aje." Mama yake yuko shifti. Nimebaki mimi, na mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu mbali ni popote ukishapita Mugutha.

Ile ilikuwa miaka ya kazi za shule ambazo mtoto hupewa na mzazi hufanya. Mwalimu anasema mtoto alete mfano wa mnyama na aeleze anavyoishi, na Jumapili alasiri ploti nzima imejaa wanaume wazima wanakata makatoni. Wenzake walichagua kinyonga, ngamia, ng'ombe wa nyanya. Wangu akatoka na picha ya samaki-shoka.

"Anaitwa hivyo kwa sababu kifua kimeshuka kama shoka, na mkia ni kama mpini," akanieleza.

"Anauzwa wapi tukamwone?"

"Hauzwi, dadi. Anaishi chini sana, kutoka mita mia mbili hivi hadi karibu elfu moja. Huko jua likifika limechoka."

Sisi wa Ruiru bahari tunaijua kwa kalenda. Nikaamini.

Mama yake alikuwa, na bado yuko, katika kiwanda cha biskuti kule Eneo la Viwanda, Thika. Akatuletea karatasi za kung'aa zilizoharibiwa na mashine. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mfuga kuku, akatukopesha makasi na maoni. Hadi leo nikisikia harufu ya gundi na biskuti pamoja, namwona mtoto amepiga magoti sakafuni, ulimi nje, ananiamrisha.

"Mwembamba, dadi! Ukimwangalia kutoka mbele anakaribia kupotea, kama sahani imesimamishwa wima."

"Huyu hajakula?"

"Amekula. Ndivyo alivyo. Na huyu wako ni mkubwa kama ubao wa kukatia sukuma. Wa kweli anatoshea kwa kiganja."

Mbavuni tukambandika karatasi ya kung'aa, maana mwili wake ni kama kioo: humrudishia mtazamaji rangi ya maji yenyewe. Macho yakawa vifuniko viwili vya gundi, virefu kama mirija, vikitazama juu moja kwa moja, kwa sababu wadudu wa majini anaowala, jamaa za kamba lakini wadogo kabisa, hupita juu yake na vivuli vyao huonekana. Hadi hapo nilikuwa baba mtiifu. Kisha zikaja balbu, zile ndogo za Krismasi, na balbu ni kazi yangu.

"Ziko tumboni," akasema.

"Umeona gari gani lina taa tumboni?"

"Si gari. Adui yake anamwangalia kutoka chini. Mwanga kidogo unatoka juu, kwa hivyo mwili unaacha kivuli cheusi. Sasa anawasha tumbo, mwanga kiasi kilekile, kivuli kinaisha. Na ukiziweka mgongoni zitamwangaza macho yeye mwenyewe!"

"Taa ni ya kuona au kuonwa. Hakuna taa ya kujificha. Nimefanya fizikia mpaka Form Four."

"Na ulipata?"

Jirani akacheka mpaka kuku wakanyamaza. Nilipata D. Nikafunga taa mgongoni.

Siku ya maonyesho nilisimama nyuma kabisa ya darasa, kando ya kabati, mahali pangu. Binti akawasha samaki. Akamtazama. Halafu, bila hata kunitafuta kwa macho, akampindua, taa zikaangalia chini, tumbo likawa juu.

"Samaki-shoka hujificha kwa taa za tumboni," akaanza, akaeleza yote, hata kwamba wengine wao jioni hupanda karibu na juu kutafuta chakula na kukikucha hurudi chini. Mwalimu akauliza kwa nini wake anaogelea chali. "Huyu amekufa, mwalimu. Alitengenezwa na dadi. Yule pale, kando ya kabati."

Darasa zima likageuka. Nilitamani kuwasha tumbo.

Mwaka huohuo nikapita kwa geti la ploti saa sita mchana, nikaiona taa ya ulinzi iliyosahauliwa ikiwaka juani. Ilibidi nikodoe macho kujua kwamba inawaka. Nikasimama pale kama mjinga. Aisee, mtoto alikuwa ameniambia! Nilipomwambia nimeelewa, aliniuliza tu, "Mambo ya leo ama ya ile siku ya samaki?" akaendelea kula.

Samaki alining'inia dirishani miaka yote hiyo na kosa lake mgongoni. Sasa nyumba ina ukimya ambao redio saba za watu haziwezi kuujaza, na tangu kupambazuka nimekuwa nikizing'oa zile balbu nizifunge tumboni, moja moja, nimpelekee akiwa sahihi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba kule kuna uwanja mzima wa wazazi, na hakuna kabati. Na naogopa kidogo kwamba amekua, atanisalimia kwa mkono.

Saa tatu jirani ameingia kuchukua pasi yake. Ameiona hotpoti ya chapati aliyoacha mke wangu mlangoni, bado imefungwa leso. Ameniona na bisibisi.

"Hujaenda?"

"Namalizia samaki, mama. Zimebaki balbu nne."

Amemwangalia samaki, akaniangalia mimi, akaninyang'anya bisibisi.

"Mtoto hajaitisha samaki. Ameitisha wewe. Vaa viatu."