Ametoka Kidogo

Mume wangu ndiye aliyekuwa kipimo cha duka letu. Tunauza mashati ya kiume Kariakoo, na wanunuzi wengi ni wake za watu, wasiojua waume zao wanavaa saizi gani. Walikuwa wakiingia wanamtazama kuanzia mabegani mpaka tumboni, kisha wanasema, "Wangu ni kama huyu, ila kitambi hana." Naye anasimama, ananyoosha mikono, nambandika shati kifuani. Hakuchoka kutaniwa.

Tulimzika kwao Kilimanjaro, kwenye migomba ya baba yake. Msibani kila mtu aliniambia nijikaze, na mimi kujikaza nakuweza. Nilijikaza mpaka mawifi wakaanza kunong'ona juu yangu. Niliporudi Dar sikupumzika, nikafungua duka. Mzee wa Kiarabu mwenye duka la jirani akaja kunipa pole.

"Mwanangu, kwetu mjane anakaa eda. Wewe hata kulia hujalia."

Nikamwambia mashati hayajiuzi yenyewe.

Mteja wa kwanza kumuulizia mume wangu alinikuta sijajiandaa. "Ametoka kidogo," nikasema. Ilitoka tu mdomoni. Na ilinisaidia, sitaficha. Kila aliyeuliza nilimjibu hivyohivyo, na kwa muda mfupi hata mimi nilikuwa naamini yuko pale Mnazi Mmoja, anakuja. Majirani wakanisifu kwamba nina moyo. Moyo gani! Nilikuwa nadanganya watu mchana kutwa, na usiku nalala kama gogo.

Ndipo akaja mama mmoja wa Buguruni, mteja wetu wa siku nyingi. Alitaka shati la mumewe la kuvaa kwenye harusi ya binti yao. Nikampa jibu langu.

"Basi namsubiri," akasema. "Huyo ndiye saizi ya mzee wangu." Akavuta kiti cha mume wangu, akakaa.

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amekikalia kiti kile. Nilitaka kumwinua, sikuweza. Nikahudumia wengine. Nikakunja mashati ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Adhana ya adhuhuri ikapita, yeye bado yupo, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Hajarudi tu?"

"Hatarudi," nikasema. "Tumeshamzika."

Alinitazama, na machoni mwake sikuona huruma, niliona woga. "Na umeniacha nikalie kiti cha marehemu muda wote huu?"

Hapo nikalia, kilio kibaya, geti la duka liko wazi na wapita njia wanachungulia. Yule mama akasimama, akakifuta kiti kwa ncha ya khanga yake, akaondoka bila shati.

Kesho yake nilifungua duka macho yamevimba. Niliogopa kila aliyeingia. Wa kwanza kumuulizia mume wangu nilimwambia amefariki, kabla hajatafuta pa kukaa.