Moyo wa Baba Uligoma Kujisokota

Jamani, moyo wa baba yangu ulimfanya daktari aipige mashine kofi.

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Mimi naitwa Heche, nauza vipuri vya pikipiki Mugumu. Baba yangu, mzee Nchagwa, anafuga ng'ombe Genkuru. Mwaka huu akaanza kuhema kila akipanda kilima. Niliposikia madaktari wa moyo wamekuja Tarime, nikambeba juu juu.

Tulikuwa tumekubaliana. Moyo ukionekana umechoka, ng'ombe wanauzwa, anahamia kwangu mjini. Mke wangu Scholastica alishamtandikia kitanda. Mzee alikubali shingo upande. Kwake yeye, kuishi bila ng'ombe ni kuzikwa ukiwa hai.

Tukampata dada mmoja mpole, Daktari Sabaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti."

"Sasa baba, moyo haubani tu na kuachia. Unajisokota, kama vile unakamua nguo uliyofua. Nataka nipime wako unajisokota kiasi gani."

Mzee akavua shati, akalala. Kipimo kikagusa kifua.

Daktari akatazama skrini. Akakunja uso. Akaizaba mashine kofi, akapima tena.

"Kaka Heche, moyo wa mzee haujisokoti vizuri kabisa."

Nikaanza kuwaza nitamwambiaje mama.

Halafu daktari akamwangalia mzee usoni. Mashavu yamevimba, ngumi zimekazwa, macho kodo darini.

"Baba, mbona hupumui?"

Akamgusa bega.

"Baba!"

Mzee akaachia pumzi, fuuu! "Binti, mimi ni Mkurya. Nilitahiriwa ukoo mzima unatazama, sikupepesa jicho. Leo nitikisike mbele ya mwanamke?"

Kumbe mwenzetu alikuwa anatahiriwa upya!

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza kwamba ukibana pumzi na kukaza misuli namna ile, moyo nao unabanwa, kipimo kinadanganya. Mzee akabisha. Kulegea mbele ya watu hajawahi kufundishwa.

"Mura, kijana wangu, panda wewe kwanza nikuone," akaniambia.

Nikapanda kwa mbwembwe zote. Nikalegea kama mlenda, na stori juu. Daktari akapima, akaandika kitu. Akapima tena. Safari hii mashine haikupigwa kofi.

"Shuka, tutaongea."

Mimi najua nimefaulu.

Mzee akarudi kitandani, akajikaza kulegea, hatimaye akapumua kama binadamu. Daktari akatabasamu.

"Baba, moyo wako unajisokota kama wa kijana. Kinachokuhemesha ni hizo sigara. Ziache, rudi kwa ng'ombe wako."

Mzee alifunga vifungo vya shati kabla dada wa watu hajamaliza kusema.

"Mura, twende."

"Wewe nenda, baba," daktari akasema. "Huyu abaki."

Presha, jamani. Ilikuwa inanila taratibu miaka yote, hata kichwa hakiniumi. Moyo usiojisokota ulikuwa wangu, na mimi nilikuwa nimelegea na kupumua vizuri, sina cha kusingizia. Niliogopa sana. Nikalia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya baba.

Nikajua nitakula matusi ya Kikurya.

Mzee akakaa kando yangu, akaniwekea mkono begani.

"Dokta, andika dawa. Atazimeza nikimwona. Huyu anahamia kwangu."

Basi hapa naandika nikiwa Genkuru, duka nimemwachia Scholastica. Bia imekatwa, chumvi imepunguzwa, na kila asubuhi natembea nyuma ya ng'ombe. Mzee ananisubiri juu ya kilima, ananiuliza kama anibebe mgongoni.

Nyie wajanja wenzangu wa mjini, ukimpeleka mzazi kupimwa, usikae kwenye benchi unachezea simu. Na wewe vua shati.