Chandarua cha Jirani

Mama Mkasi alikuwa fundi cherehani, na kwa kuweka kinyongo hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Kinyongo kikubwa kuliko vyote alimwekea jirani yake, fundi wa matairi, aliyerundika matairi kwenye ukuta wao wa pamoja. Mvua ikinyesha yalijaa maji, na humo mbu walitaga. Mwaka uliopita homa ya dengi ilimlaza binti yake wa pekee hadi fizi zikatoa damu. Aliponea chupuchupu. Daktari alionya kwamba akiugua tena, ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Alikwenda kumwambia jirani. Jirani akacheka.

"Mama, mbu ana mabawa. Utajuaje katoka kwangu? Mlaze mwanao kwenye chandarua."

"Mbu huyu anauma mchana, wewe! Mwanangu ashone vifungo akiwa ndani ya chandarua?"

"Basi mshonee gauni la bati."

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Jirani aliposafiri kwenda msibani, Mama Mkasi alipasha msumari moto, akayatoboa matairi yote ubavuni ili maji yatoke, hata yale mazima ya kuuza. Moshi ulimtoa machozi, lakini roho ilikuwa kwatu.

Jirani aliporudi, alitukana mpaka sauti ikamkauka. Mama Mkasi akazidi kukanyaga cherehani. Wiki haikuisha vizuri, jirani akaanguka na homa, macho yakimuuma kwa nyuma, viungo kama vimetwangwa.

"Naye aonje," Mama Mkasi alimwambia binti yake. Alifurahi kweli, wala hakuona haya.

Mhudumu wa afya akaja kukagua. Matairi aliyakuta makavu. Akaingia kwa Mama Mkasi, akainama chini ya meza ya kukatia, akavuta beseni ambamo vitambaa vya pamba huroweshwa ili visinywee vikishashonwa. Viluwiluwi vilikuwa vinajinyonganyonga majini.

"Lakini maji haya namwaga kila mara!"

"Unamwaga, husugui. Mayai yanaganda ukingoni yakingoja maji mengine. Mbu waliomuuma jirani yako huenda ni wa humu."

Mama Mkasi aliinama, akapitisha kidole ukingoni mwa beseni.

"Na wakimuuma sasa hivi akiwa na homa," mhudumu aliendelea, "baada ya siku kadhaa wanaweza kumwambukiza mwingine."

Binti alikuwa palepale mlangoni, mikono wazi, anatunga uzi.

Mama Mkasi alilisugua beseni mpaka vidole vikachubuka. Kisha akang'oa chandarua cha kitandani kwa binti yake, akavuka nacho kwa jirani mchana kweupe. Alimkuta amejilaza karibu na dirisha, anatweta. Akaanza kukifunga.

"Uliniombea nife, leo unanifunika?"

"Usijipe cheo. Nafanya haya kwa ajili ya mwanangu."

Alichomeka ncha za chandarua chini ya godoro kwa hasira isiyokuwa na pa kwenda tena. Ncha ya mwisho ilimchukua muda.

"Mbu waliokuuma," alisema bila kumtazama, "nadhani wametoka kwenye beseni langu."

Jirani alimkodolea macho kupitia matundu.

"Na matairi yangu?"

"Nimeyatoboa mimi. Hilo sijutii."